Saruji ya jino: daktari wangu ananizungusha?

MwashiWaMkomani:
Assalaam alaykum. Mimi ni mwashi, natengeneza nyumba za kale hapa Lamu. Nilipokuwa na miaka minane nilijigonga jino la mbele kwenye ukingo wa mashua. Likafa, likawa jeusi, nikalisahau. Mwezi huu ufizi umevimba. Nikavuka Mokowe, nikapanda basi mpaka Malindi. Daktari akasema ncha ya mzizi haikufunga tangu utotoni, itazibwa kwa saruji iitwayo MTA. Sasa ajabu: hakuiziba! Alisafisha, akatia dawa nyeupe, akanambia nirudi baada ya wiki mbili kwa sababu "pH ya humo ndani iko chini". Saruji naijua, nimekoroga mifuko sina hesabu. Ukishaitia maji inashika. Au anataka nauli yangu tu?

BintiShela:
Pole kaka. Kandamiza karafuu, ndiyo dawa ya bibi zetu.

AfisaMenoMalindi:
Karafuu itakutuliza maumivu, lakini usaha hauondoki kwa karafuu. Fundi, huyo daktari hakuzungushi.

MTA ni ndugu wa saruji ya Portland: kalsiamu silikati, na bismathi oksaidi ili ionekane kwenye eksirei. Ilianzia Loma Linda, California, mwanzoni mwa miaka ya 1990. pH ni kipimo cha tindikali: ikiwa chini, tindikali ni nyingi. MTA ikikorogwa tu pH yake ni kama 10.2, baada ya saa tatu hufika 12.5. Kushika kwenyewe kwahitaji karibu saa tatu, na hapo ndipo penye taabu. Penye uvimbe pH huweza kushuka mpaka 5. Saruji ikiwa bado mbichi ikakutana na tindikali hiyo, fuwele hazijengeki sawasawa: uso unabaki laini, vitundu vinaongezeka, na haishiki ukuta wa mzizi kwa nguvu ile. Hayo yamepimwa maabara mara nyingi. Ziko aina mpya, kama Biodentine, zinazoshika kwa dakika kumi na mbili hivi, lakini hata hizo haziwekwi juu ya usaha.

Ile dawa nyeupe uliyotiwa, ya kuipunguza tindikali hiyo kwanza, ni kalsiamu hidroksaidi. Wewe unaiita chokaa iliyozimwa.

MwashiWaMkomani:
Lo! Chokaa nimeizima tangu ujana, leo ninayo kinywani!

Basi hilo la tindikali nimelielewa. Kuna mwenye nyumba mmoja alimwaga tindikali ya kusafishia vigae juu ya sakafu niliyoitandaza juzi yake. Ikatoa povu, kesho yake naipangusa kwa kidole inatoka mchanga. Nikaambiwa mimi ndiye niliyepunja saruji.

Swali moja tu. Sakafu yangu naifunika magunia na kuinywesha maji, la sivyo inapasuka. Ninyi mnainywesha vipi humo ndani?

AfisaMenoMalindi:
Vivyo hivyo. Juu yake twaacha kipamba kilicholoa maji, twafunika kwa muda, kisha siku nyingine twakitoa na kumalizia. Kwa hiyo jitayarishe, huenda ikawa safari ya tatu.

MwashiWaMkomani:
Safari ya tatu! Haya. Magunia yangu hukaa siku saba, sina la kusema.