Natua Johannesburg usiku na mama yangu, mniambie ukweli

binti_wa_nyamagana
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nampeleka mama Johannesburg, siku 6. Ana miaka 61, hajawahi kupanda ndege, na miaka yote anasema anataka kuiona nyumba ya Mandela pale Soweto kabla hajafa. Tunatua OR Tambo saa 3 usiku, chumba tumepata Rosebank. Shida ni kwamba kila ninayemwambia ananitajia kukabwa na risasi, mpaka mama mwenyewe ameanza kusema bora tubaki Mwanza. Mliofika, hatari hasa iko wapi? Na pesa nibebe vipi?

kaka_mkubwa_dom
Johannesburg si mji wa kwenda na mzazi. Mpeleke Zanzibar apumzike.

mama_pacha_tegeta
Mdogo wangu, mpeleke mama. Nimekwenda mara 4 tangu 2017, nafuata nguo kule Jeppe kwa Waethiopia, katikati ya jiji kabisa, na nimeibiwa mara moja tu. Hakuna aliyenishika koo. Niliibiwa na kijana mwenye shati limenyooshwa pasi na beji shingoni.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwenye ATM ya ukutani nje ya duka. Kadi ikakwama. Yule kijana akanisogelea kwa adabu, akaniita mama, akasema mashine hii huwa inasumbua, bonyeza kufuta halafu weka namba ya siri upya. Nikaweka, yeye yuko begani kwangu. Kadi ilipotoka aliiwahi yeye, akanikabidhi, na mimi nikamshukuru. Jioni chumbani naitoa kwenye pochi: rangi ileile, benki ileile, jina la mwanaume nisiyemjua. Meseji za benki zilikuwa zinaingia kwenye laini yangu ya Tanzania, na laini ile nilikuwa nimeiacha kwenye droo nyumbani. Walishatoa hela mara 3. Nilikaa kitandani nikalia, maana ule ulikuwa mtaji wa miezi 5.

Kwa hiyo dada, toa hela ndani ya benki au ndani ya maduka makubwa penye walinzi, mchana. Kadi ikikwama usiondoke pale, na usimruhusu mtu yeyote kuigusa mashine, hata aliyevaa sare. Kabla ya kuondoka iambie benki yako ishushe kiwango cha kutoa kwa siku. Namba yao ya kufungia kadi iandike kwenye karatasi, umpe na mama nakala. Na laini yako ya nyumbani nenda nayo ikiwa hewani.

Usiku wa kutua ndio unaonipa wasiwasi kuliko Soweto. Saa hiyo msitegemee treni ya Gautrain. Waambie wenye chumba wawatumie dereva, mpate jina lake na namba ya gari kabla hamjapanda ndege. Pale mnapotokea watawafuata watu wakiwauliza "teksi?" na kushika mabegi, msisimame. Msibadilishe fedha nyingi hadharani uwanjani pia. Kuna wanaoangalia nani amebadilisha, wanafuata gari lake mpaka getini anakofikia, ndipo wanamvamia. Randi za siku mbili zinatosha.

Jambo lingine watalii wa Kizungu hawaambiwi, kwa sababu haliwahusu. Sisi tukinyamaza ni wenyeji, watu watakusemesha Kizulu. Ukifungua mdomo ndiyo unakuwa "makwerekwere", neno baya wanalowaitia Waafrika wa kutoka nje. Mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa kwa chuki hiyo, na Septemba 2019 maduka ya wageni yalichomwa tena. Siku za kawaida utakutana na watu wakarimu sana, mimi mwenye nyumba ninakofikia ananiita dada. Lakini ukisikia kuna maandamano, siku hiyo msitoke.

mzee_wa_lori
Mama pacha amesema vizuri. Mimi nimeingia kule kwa lori kupitia mpaka wa Beitbridge, unaotoka Zimbabwe, miaka mingi, naongeza ya barabarani. Taa za barabarani wao wanaziita "robot". Gari likisimama pale, kioo juu, mlango umefungwa, simu na pochi chini ya miguu, si mapajani. Wanapiga kioo kwa kipande cha plagi ya injini, kinamwagika chote kwa sekunde moja na mkono umeshaingia. Wapo pia majambazi wanaowasha taa za buluu kama polisi. Dereva asisimame gizani, awashe hazadi, aende polepole mpaka kituo cha mafuta au cha polisi. Polisi ni 10111, kwa simu ya mkononi hata 112 inapokea.

binti_wa_nyamagana
Asanteni sana, shikamoo mzee. Na pasipoti nitembee nayo?

mama_pacha_tegeta
Tembea na nakala, zenyewe ziache kwenye sefu ya chumba. Ikiibiwa, nenda kituo chochote cha polisi ufungue kesi wakupe namba ya kesi, huwa inakuja kwa meseji. Bima watakuuliza namba hiyo, na ubalozi wetu ulioko Pretoria pia, ukienda kuomba hati ya dharura ya kurudia nyumbani.

binti_wa_nyamagana
Nimemsomea mama yote haya jioni hii, pamoja na ya mashine. Amesikiliza kimya, halafu akauliza kama pale Vilakazi, mtaa wa Soweto wenye nyumba ya Mandela, kuna mahali pa kukaa, maana magoti yanamsumbua.

mama_pacha_tegeta
Papo. Hoteli za chakula zimejipanga mtaa ule, viti mpaka nje. Nyumba ya Mandela iko kwenye kona na ni ndogo tu, hatachoka. Nendeni asubuhi, mchukue meza ya ndani, begi alipakate. Mwambie nyumba ya Desmond Tutu iko mtaa huohuo, ataiona bila kutembea sana.