Kipimo cha tangi la maji baridi kinadanganya chombo kikilala upande

Nahodha mgeni
Salaam kwenu mabaharia. Nina mashua ya tanga ya futi 36 yenye tangi la maji baridi (yasiyo ya chumvi) la lita 200, lililowekwa ubavuni upande wa kulia, na kipimo chake ni cha kielea. Tulipotoka Lamu kwenda Unguja kwa upepo wa kaskazi, chombo kikilalia upande huo mchana kutwa, kipimo kilionyesha robo tatu. Tulipotia nanga kilishuka chini ya robo, nasi tulikuwa watu wanne na safari haijaisha. Nitajuaje kiasi halisi kabla pampu haijaanza kuvuta hewa?

Fundi wa mashua
Ndugu nahodha, kielea chako si kibovu, ila bila shaka kimefungwa upande wa nje, ambako maji hukimbilia chombo kinapolala. Kihamishie katikati ya tangi. Kosa jingine halionekani kwa urahisi: tangi la ubavuni hufuata umbo la chombo, jembamba chini na pana juu, hivyo nusu ya kimo huwa ni pungufu ya nusu ya maji. Likaushe, ulijaze kwa dumu la lita 20, na kila dumu ulitilie alama kwenye fito ya kuchovya tangini. Utaona alama za chini zimeachana na za juu zimebanana. Kihisi cha mgandamizo wa maji chini ya tangi nacho ni kizuri, kwani kila sentimita ya maji ni takriban milibari moja, lakini hakikuepushi na kazi hiyo ya madumu.

Mbishaji wa Tanga
Mimi ningeongeza mita ya maji baada ya pampu, kwa sababu huhesabu lita zinazotumika bila kujali chombo kimelala vipi. Hata hivyo haiwezi kuona maji yanayovuja kabla ya kuifikia, kwa hiyo fito itumike kila asubuhi na hesabu zilinganishwe daftarini. Pampu ikinguruma usiku ilhali bomba limefungwa, onja maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini kabisa ndani ya chombo. Yangu niliyakuta matamu kabisa: ni ya tangi, si ya bahari. Maji ya kunywa yatengwe kwenye madumu, angalau lita 3 kwa mtu kwa siku.

Nahodha mgeni
Ahsanteni. Nimeonja ya ngama leo: ni ya chumvi. Tangi limesalimika, lakini sasa nina swali jingine.