Safari ya Sanje 💦 kikundi cha ukoo

[07:12] Shangazi Zai: Jamani habari za asubuhi, nimeuliza tangu juzi na wanaosoma nawaona, tunaenda maporomoko ya Sanje kule Udzungwa au hatuendi?? Mimi nasema mwezi wa 8, njia imekauka na watoto wanaoga vizuri pale bwawani. Michango iingie mapema maana kiingilio cha hifadhi ni kontroo namba, getini hawashiki keshi

[07:40] Dula: mwezi wa 8 si tunaenda kuangalia mwamba mkavu 😂

[07:41] Shangazi Zai: Acha ushamba Dula. Mita 170 zile, yanapungua hayaishi

[08:05] Baba Kelvin: Mwezi wa 8 nipo kwenye miwa, kiwanda kinasaga usiku na mchana. Wekeni Aprili

[08:06] Shangazi Zai: Aprili masika!! Nani atabeba watoto kwenye ule utelezi

[08:20] Mama Kelvin: Ila masika ndo yenyewe wifi, ukiwa pale mnaongea kwa kupiga kelele na manyunyu yanakulowesha hata maji hujayafikia, kanga yangu nilikuja kuikamulia nyumbani

[08:22] Dula: mi namkumbuka yule mbega mwekundu, katukazia macho kama mjumbe anakusanya hela ya ulinzi 🤣

[08:50] Bamdogo Side: Kabla ya mchango mwingine naomba kujua hela ya mwaka juzi iliishia wapi. Sijataja mtu

[08:51] Shangazi Zai: Umetaja Side. Ililipa fundi gari lilipotufia Kidatu na wewe ulikaa siti ya mbele umelala

[08:53] Mama Kelvin: na sufuria langu kubwa?

[08:53] Dula: SUFURIAAAA 🤣🤣🤣

[08:55] Bamdogo Side: 🚫 Ujumbe huu ulifutwa

[08:56] Shangazi Zai: Nimeusoma. Turudi kwenye mada, nataka majina

[11:30] Asha: Bibi anasema niandike kama anavyosema. "Mlima ule nimeokota kuni miaka na miaka mpaka walipotufungia 2011, naujua. Masika mtu asinipelekee mjukuu pale. Mnajua kwa nini. Na madeni yenu msidaiane humu, watoto wanasoma."

[13:02] Baba Kelvin: Tumesikia mama

[13:15] Bamdogo Side: Shikamoo mama. Sawa

[13:16] Dula: shikamoo bibi 🙏

[14:40] Shangazi Zai: Basi masika imetoka. Mnaonaje mwanzoni mwa Juni, mvua imekata, maji bado yapo ya kutosha, shule zinafunga na miwa ndo kwanza inaanza

[15:10] Baba Kelvin: Labda. Ratiba ya kuvuna haijatoka

[15:11] Shangazi Zai: Labda siwezi kuilipia kiingilio

[20:47] Kaka Musa Ifakara: ndo naona saizi nilikuwa shamba mtandao hamna. mi na watoto tupo, tarehe ngapi?

[20:48] Shangazi Zai: Musa panda juu usome

[20:55] Kaka Musa Ifakara: meseji nyingi mno dada, nipigie