Flagg karusha 21 kaingiza 5: Summer League ni kipimo au ni ndondo tu?

Mzee wa Rimu
Wadau habari za weekend. Nilikesha ule usiku wa kuamkia Ijumaa kumwangalia huyu dogo Cooper Flagg, namba 1 wa drafti ya NBA ya 2025 (ile timu zinavyochagua chipukizi wa kikapu), Dallas na Lakers kule Las Vegas kwenye Summer League, ligi ya majaribio ya kiangazi. Karusha 21 kaingiza 5, pointi 10 basi. Dallas wameshinda 87-85 ila sio kwa mkono wake. Jumamosi yao wakacheza na Spurs, huyohuyo kaweka 31. Sasa nimwamini yupi? Mimi naona Summer League ni ndondo kama ndondo zingine, haikwambii kitu. Na huyu Khaman Maluach, senta (mtu mrefu wa chini ya kikapu) wa Phoenix mnayempigia vigelegele kila siku, punguzeni presha, asije akawa Hashim Thabeet mwingine.

Kitaa_Keko
Umeanza vizuri mzee ukaja kuharibu mwishoni. Hashim kaingiaje hapa? Mtanzania mmoja tu toka dunia iumbwe kacheza NBA, na sisi wenyewe ndo tumemgeuza tusi la kumalizia sentensi.

Chande88
Sio tusi ni historia. Drafti ya 2009 Memphis walimchukua namba 2, mastaa Harden namba 3, Curry namba 7. Curry bana.

Kitaa_Keko
Kwani Hashim ndo alikuwa bosi wa Memphis akajichagua mwenyewe?

Chande88
Alikula hela ya namba 2 akacheza kama namba 60. Msimu wa kwanza tu haujaisha wakamshusha ligi ndogo kule Dakota. Ukweli unauma nunua panadol.

Mwl Junia
Nyie watoto mnarushiana maneno ya 2009 wakati swali la mzee ni zuri. Mimi nafundisha kikapu sekondari, nisikilizeni kidogo. Summer League mchezaji anaruhusiwa faulo 10, kwenye ligi yenyewe ni 6. Mechi dakika 40 badala ya 48. Kwa senta kama Maluach hapo ndo penye mtego, anarukia kila mpira kwa sababu hana cha kuogopa, halafu nyie mnahesabu bloku, mipira aliyozuia. Nina kijana hapa shuleni anainama kuingia darasani, mazoezini hapiti mtu, anafuta kila kitu. Siku ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, dakika ya nne ana faulo tatu, kakaa benchi kajifunika jezi usoni analia. Mwangalieni Maluach miguu, mikono achaneni nayo.

Chande88
Mtoto nani? Nina miaka 44 mwalimu.

Mwl Junia
Basi andika kama mtu wa miaka 44.

Boda wa Kawempe
Mimi nataka kusema tu Khaman ni wetu. Amekulia hapa Kawempe, 2024 kwenye BAL, ligi ya klabu za Afrika, alivaa jezi ya City Oilers ya Uganda. Watanzania endeleeni na Thabeet wenu.

Bahr el Ghazal
Wenu tangu lini? Kazaliwa Rumbek, na Olimpiki ya Paris alivaa jezi ya Sudan Kusini ana miaka 17. Uganda mlimpa maji ya kunywa tu.

Boda wa Kawempe
Maji, shule, na boda boda pia!! Aliyemwona njiani akamwambia kijana nenda ucheze kikapu alikuwa juu ya pikipiki. Alikuwa na miaka kama 13 hajawahi kushika mpira, mazoezi ya kwanza kaenda na Crocs kwa sababu kiatu cha saizi yake hakikupatikana. Hiyo ndio Kampala ndugu yangu.

Bahr el Ghazal
Na kiatu mlishindwa kumpatia 😂 mpaka akaenda akademi Senegal.

Fundi Lushi
Sisi wa Lubumbashi tuko na senta Biyombo, namba 7 wa drafti ya 2011. Kufunga hakujua sana mpaka leo lakini NBA amekaa zaidi ya miaka 10, kazi yake ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kuingia) na kuziba njia. Senta si lazima afunge.

Takwimu Kavu
Mzee wa Rimu nikujibu wewe maana naona umesahaulika kwenye uzi wako mwenyewe. Wembanyama wa Spurs, 2023 mechi yake ya kwanza hukohuko Vegas, karusha 13 kaingiza 2, watu wakacheka. Ya pili pointi 27 na ribaundi 12. Msimu wa NBA umeisha ni rukii bora, yaani mchezaji mpya bora, kwa kura zote. Sasa geuza: 2012 tuzo ya mchezaji bora wa Summer League waligawana wawili, Damian Lillard na Josh Selby. Lillard mnamjua, akawa staa. Selby yuko wapi? Tuzo moja, Julai moja.

Mkeka Mchanifu
Hayo yote tisa. Hizo 31 za Flagg zimenisaidia nini mimi? Spurs wameshinda 76-69, mkeka wa timu nane, saba zimetiki, Dallas peke yake kanichania. Anafunga 31 anafungwa, anafunga 10 anashinda, huyu mtoto ana nini na mimi?

Kitaa_Keko
Unabetia Summer League?? Timu zimekutana juzi hata majina hawajuani. Kaka unahitaji maombi.

Mkeka Mchanifu
Nahitaji elfu hamsini, maombi baadaye.

Mzee wa Rimu
Takwimu nimekuelewa ila umenichanganya zaidi, maana kumbe mbaya anaweza kuwa mzuri na mzuri akapotea, si ndo ileile ndondo niliyosema? Mwalimu na wewe nitaangalia miguu, Inshallah nikiamka.

Kitaa_Keko
Mzee bado hujamuomba radhi Hashim.

Mzee wa Rimu
Haya. Nafuta Thabeet. Asije akawa Darko Milicic mwingine, yule Mserbia namba 2 wa drafti ya 2003, mbele ya mastaa Carmelo, Bosh na Wade. Mmeridhika? Waserbia wakija humu mtawajibu nyie.

Chande88
Darko ana ringi ya ubingwa wa NBA na Detroit 2004. Hashim ana nini?

Kitaa_Keko
Chande nipe namba yako tuongee pembeni.