Mwanaikolojia na mwanasheria: ramani zetu za bahari hazilingani

Swali: Sisi ni watafiti wachanga wawili, mmoja wa samaki, mwingine wa sheria, tunaotaka kuandika utafiti wa bahari pamoja. Tuanzie wapi?

Jibu: Kwenye mistari ya mipaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi ya pwani hadi maili 12 za maji ya taifa na 200 za ukanda wa kiuchumi, zikipimwa toka mstari wa msingi (kwa kawaida ukingo wa pwani maji yakipwa). Samaki kama jodari hawaitambui mipaka hiyo. Pangeni tabaka zote, za samaki na za sheria, juu ya ramani moja, ndipo muandike swali la utafiti.

Jibu: Maili za baharini jamani, mita 1,852! Ukitumia 1,609 za maili ya nchi kavu, mstari wa 200 unasogea karibu kilomita 49.

Jibu: Tenganisheni pia maji na sakafu: rafu ya bara (sakafu ya bahari inayoendeleza nchi kavu) yaweza kuvuka maili 200, maji ya juu yake yakabaki bahari kuu, isiyo ya nchi yoyote. Na mpangilio wa majina ya waandishi, kubalianeni mapema kwa maandishi.