Kitabu gani ukikifungua unakirudisha haraka?

Turubai_TomMboya
Wadau, nina swali la biashara. Nauza vitabu vya mitumba kando ya barabara ya Tom Mboya hapa Nairobi, jioni watu wakielekea stejini. Miaka 6 ya kukaa pale imenifundisha kumjua mteja kwa vidole. Anachutama, anaokota, anafungua ukurasa wa kwanza. Uso ukikunjamana kufikia mstari wa tatu, basi, kitabu kinarudi, tena mara nyingi kichwa chini.

Vile vya "amka saa kumi alfajiri uwe tajiri" vinatoka kama maandazi, na ndivyo mimi mwenyewe siwezi kuvisoma. Saa kumi huwa nishaamka kufuata mzigo, na huo utajiri hatujaonana. Ila vinalipa kodi ya nyumba, kwa hivyo nanyamaza.

Kinachonitatiza ni riwaya za Kiswahili. Nimezipanga kama 20, kila moja shilingi 100. Kijana anaiokota, anacheka kidogo, kisha anaiweka chini kama aliyekutana na mwalimu wake wa zamani. Mbona? Jumamosi naenda kununua mzigo mwingine.

Binti_Kayole
Kaka, umejijibu hapo kwa mwalimu. Mimi nilifanya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, 2016, kitabu teule cha riwaya kikiwa Kidagaa Kimemwozea. Nakala yangu ilikuwa na rangi tatu: nyekundu maudhui, buluu wahusika, kijani mbinu za lugha. Hadithi yenyewe siikumbuki vizuri, nakumbuka mwongozo. Mpaka leo mhusika akifungua mdomo tu nasikia "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4". Nikiona tashbihi, mkono unatafuta kalamu ya kijani. Nitajistareheshaje hivyo?

Fundi_Simu
Mimi tamthilia. Naambiwa (anatoka kwa hasira). Anatoka wapi? Mlango uko wapi?

MwanaLamu_SouthB
Wanangu, mimi hunishinda mashairi huru. Najua ugomvi huu ni wa kale. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, watu wa vina na mizani walisema hayo si mashairi kabisa. Mimi sisemi hivyo. Ila sikio langu limelelewa na mizani 16 kwa mstari, silabi nane kwa nane, na nikisoma nahesabu kwa vidole bila kujijua. Nikiikosa ya nane nasimama palepale, kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Na Nagona, ya bwana huyohuyo, kitabu chembamba hata mfukoni kinaingia, nimekianza mara tatu. Mara zote tatu nimejikuta nachemsha chai.

Turubai_TomMboya
Binti, umeniamsha. Nimezifungua zile riwaya zote usiku huu, kwa tochi ya simu. Nakala 14 zimepigwa mistari. Moja, ukurasa wa kwanza kabisa, kabla mtu hajafanya lolote, imeandikwa "mbinu rejeshi", yaani hadithi kurudi nyuma, kwa wino mwekundu. Kumbe nilikuwa nawauzia watu mtihani wao wenyewe! Jumamosi natafuta ambazo hazijawahi kuwa vitabu teule, na zilizo safi ndani.

Mzee wa Lamu, hiyo Nagona kama bado ni nzima niletee tubadilishane. Nina moja ya kuamka saa kumi.

MwanaLamu_SouthB
Saa kumi mimi huwa msikitini, mwanangu. Niwekee tenzi.