Re: Asumini na mchaichai nje ya nyumba, Birmingham

Assalaam aleikum nyote. Mimi mgeni huku Birmingham. Nina chungu cha asumini na cha mchaichai, fleti yangu haipati jua ila chini pana kiuwanja. Naweza kuviacha huko moja kwa moja? Mama yuko Wete, Pemba, kazi yake kunicheka tu, ati nitaviua kwa baridi.

---

Waaleikum salaam bibie. Mama ana haki yake, lakini si yote. Usitazame jua la mchana, tazama usiku. Kwetu hata kipupwe kikikaza, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20. Huku mwezi wa Mei mchana unavaa fulana, alfajiri ikawa nyuzi 4. Mimea ya joto huanza kuumia chini ya nyuzi 10, hata bila barafu: majani yanalegea na kupiga weusi. Ikipiga jalidi, maji yaliyomo ndani yanaganda, na asubuhi unakuta majani kama mchicha uliochemshwa.

Mchaichai utoe Juni, uurudishe ndani mwisho wa Septemba. Ukiutoa usiuweke juani siku hiyo hiyo. Mmea uliozoea ndani huungua hata kwa hili jua la Uingereza tunalolidharau. Kivulini kwanza, saa chache, uzidishe kidogo kidogo kwa wiki nzima. Kisha uegemeze kwenye kiambaza kinachotazama kusini, matofali yanashika joto la mchana. Wakati wa baridi maji yawe haba, la sivyo mizizi itaoza. Na ukikufia usilie, maduka ya Wahindi na ya Wathai yanauza mabua. Chagua yenye kitako kizima, tia kwenye glasi ya maji mpaka yatoe mizizi.

Asumini ndiyo ya kuuliza: ipi? Ile yetu ya kikuba, Jasminum sambac, haiwezi jalidi. Lakini maduka ya mimea ya huku huuza sana Jasminum officinale, na hiyo inakaa nje mwaka mzima, inapukutisha majani na kuchipua tena. Soma kibandiko.

---

Naongezea. Anayetaka kijani cha nyumbani nje daima atafute mgomba uitwao Musa basjoo. Majani hufa kwa jalidi, ila shina ukilifunika vizuri kwa nyasi kavu, mizizi inachipua tena. Ndizi zake ni mbegu tupu, usizitamani. Na wale wa kutia mche wa mkarafuu begini wakirudi huku kutoka Pemba: bila cheti cha afya ya mimea mche utachukuliwa uwanja wa ndege, na hata ukipita, mkarafuu na baridi haviivi chungu kimoja.

---

Ahsanteni sana. Kibandiko kinasema officinale, kwa hiyo asumini inabaki kiuwanjani. Mchaichai nitaupandisha juu Septemba. Kuna mwenye chungu kikubwa asichokitumia, maeneo ya Small Heath? Nitakuja kukichukua mwenyewe.